Tuzo Haimsomei Mtu Kitabu

Kila mwaka, unapofika mwezi wa Novemba, majina ya waandishi waliotuzwa huko Paris hutangazwa, na kwa siku chache redio na simu zetu hujaa habari za riwaya ambazo wengi wetu hatujaziona kwa macho. Mara vijana wa parokia huanza kubishana. Mmoja husema kwamba kitabu fulani ni kizuri kwa sababu kimepewa tuzo. Mwingine humjibu kwamba kitabu hicho hakitufai kwa sababu hiyo hiyo, maana waliokituza ni wageni wasiotujua. Wa tatu amesikia kwa mkubwa wake kwamba ndani yake mna mambo ya aibu, naye hurudia aliyoyasikia. Lakini wote watatu wakiulizwa ni nani kati yao aliyekisoma, hujibu kwa kimya.

Tunawaandikieni juu ya jambo hili, vijana wapendwa, si kwa nia ya kuwalaumu. Riwaya moja mpya huuzwa Ulaya kwa bei ya karibu euro 20, na kila mmoja wetu anajua fedha hizo zina kazi gani katika nyumba ya mwalimu au ya mama muuza mboga. Hata hivyo ubishi huo wa vitabu visivyosomwa una hatari ndani yake. Mtu aliyezoea kuhukumu kitabu asichokisoma atamhukumu kwa urahisi jirani asiyemjua. Maoni yetu ni haya: tuzo inaweza kutuonyesha kitabu, lakini haiwezi kukisoma badala yetu, wala haina haki ya kutufunga macho.

Waamuzi ni watu

Ni vema kwanza tujue tuzo hizo hutolewaje. Tuzo ya Goncourt, iliyo mashuhuri kuliko nyingine zote katika lugha ya Kifaransa, ilianza kutolewa mwaka 1903. Wanaoitoa ni watu kumi tu, ambao hukutana katika mkahawa mmoja wa Paris uitwao Drouant. Mshindi hupokea hundi ya euro 10, yaani fedha isiyotosha kununua hata nakala moja ya kitabu chake mwenyewe. Faida yake i mahali pengine: kitabu kikitangazwa leo, kesho wasomaji hukikimbilia kwa maelfu na maelfu. Kwa hiyo tuzo ni jambo la heshima, na papo hapo ni jambo la soko. Asiyelijua hilo atadhani kwamba kila kitabu kisichotajwa ni kitabu duni.

Historia yenyewe yatufundisha kuwa na kiasi. Mwaka 1919 wale kumi waligawanyika: sita walimchagua Marcel Proust, na wanne wakamtaka Roland Dorgelès, aliyekuwa ameandika juu ya askari wa vita vilivyokwisha mwaka mmoja tu kabla. Magazeti mengi yalinung'unika, yakidai kwamba heshima ile ilikuwa haki ya askari. Leo Proust anahesabiwa miongoni mwa wakuu wa karne yake. Hapo waamuzi waliona mbali kuliko umati. Lakini mahali pengine hawakuona: Tuzo ya Nobel ya fasihi imetolewa tangu mwaka 1901, na Leo Tolstoy wa Urusi alifariki mwaka 1910 asiipate kamwe. Tena wapo walioikataa heshima walipopewa. Julien Gracq aliikataa Goncourt mwaka 1951, na Jean-Paul Sartre akaikataa Nobel mwaka 1964. Kutokana na hayo hatusemi kwamba tuzo ni upuzi. Twasema tu kwamba waamuzi ni watu, wenye macho na wenye upofu wao, na kwamba neno lao ni mwanzo wa mazungumzo.

Kwa sisi Waafrika hesabu hiyo ina uchungu wake. Mwaka 1921 Goncourt ilimwendea René Maran, mwandishi Mweusi wa kwanza kuipata, kwa riwaya yake Batouala. Maran, ambaye wazazi wake walitoka Guyane, alikuwa akifanya kazi ya serikali ya kikoloni katika Ubangi-Shari, nchi ya jirani zetu wa kaskazini ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Katika dibaji ya kitabu hicho alifichua maovu ya utawala aliokuwa akiutumikia. Kitabu kikatuzwa Paris, kikapigwa marufuku katika makoloni, na mwandishi akaiacha kazi yake. Ilipasa kungoja hadi mwaka 2021, yaani miaka 100 kamili, ndipo Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal, kijana wa miaka 31, akawa mwandishi wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kuipata tuzo hiyo. Riwaya yake, La plus secrète mémoire des hommes, ilichapishwa kwa ushirikiano wa nyumba mbili, moja ya Paris na nyingine ya Dakar. Ameitoa kwa heshima ya Yambo Ouologuem wa Mali, ambaye alipata Tuzo ya Renaudot mwaka 1968, kisha akashutumiwa kwamba alinakili maandishi ya wengine, akarudi kwao na kuishi mbali na kelele za dunia hadi kifo chake mwaka 2017. Katika maisha ya mtu huyo mmoja twaona jinsi mikono ile ile inayomwinua mwandishi inavyoweza kumwangusha, na jinsi kitabu kinavyoweza kubaki hai baada ya kelele zote kwisha.

Mcheza kwao hutuzwa?

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Injili kwa upande wake yatukumbusha kwamba nabii hakosi heshima ila katika nchi yake mwenyewe. Tukiwatazama waandishi wa Kongo, tunaona kwamba hadi leo Injili imeshinda methali.

Tangu mwaka 1948 Paul Lomami-Tshibamba alipewa tuzo ya maonyesho ya kikoloni ya Bruxelles kwa hadithi yake Ngando. Mwaka 1973 Valentin Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alichapisha Entre les eaux, riwaya ya padri mmoja Mkongo anayeiacha parokia yake ili ajiunge na waasi msituni, akiamini kwamba huko ndiko iliko haki ya maskini. Ni wangapi kati yetu, tunaosema kila Jumapili juu ya haki na imani, tuliokwisha kukaa pamoja na kumjadili padri huyo? Fiston Mwanza Mujila alizaliwa Lubumbashi mwaka 1981. Riwaya yake Tram 83, iliyotoka mwaka 2014, ilipata Tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015 iliyotolewa nchini Nijeria, na imetafsiriwa katika lugha nyingi. Inasimulia mji wa machimbo, wa wachimbaji, wanafunzi na walanguzi, mji ambao mtu wa Katanga hahitaji ramani ili autambue. Wajerumani na Waingereza wamekwisha kuusoma mji huo. Watoto wake bado.

Si kosa la vijana. Vitabu hivyo huchapwa mbali na hurudi kwetu kwa njia ndefu na kwa bei kubwa. Lakini si haki tena kusema kwamba wageni hawatuthamini, hali sisi wenyewe hatujawahi kuuliza katika maktaba ya parokia kama vitabu hivyo vipo.

Vijana walipopewa kura

Kuna tuzo moja ambayo twapenda mwitafakari kwa namna ya pekee, kwa kuwa waamuzi wake ni wa umri wenu. Tangu mwaka 1988, huko Ufaransa, wanafunzi wa sekondari wapatao 2,000, wa madarasa yapatayo 50, hupewa riwaya zile zile zilizoteuliwa na wale kumi wa Goncourt. Huzisoma kwa muda wa miezi miwili hivi, pamoja na masomo yao mengine. Wanakutana na waandishi na kuwauliza maswali. Kila darasa hujadiliana na kuchagua vitabu vyake, humtuma mjumbe kwenye kikao cha jimbo, na mwishowe wajumbe wachache hufungiwa chumbani mjini Rennes hadi wapatane juu ya kitabu kimoja. Mjumbe haendi kusema anachopenda yeye tu. Anatakiwa kutetea kitabu cha wenzake kwa hoja, na kusikiliza hoja za wengine mpaka pengine abadili msimamo.

Vijana hao wamechagua nini? Mwaka 2016 walichagua Petit Pays ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura. Mwaka 2018 walichagua Frère d'âme ya David Diop, juu ya askari wa Senegal waliopigania Ufaransa katika vita vya kwanza vya dunia. Miaka mitatu baadaye tafsiri yake ya Kiingereza ilipata Tuzo ya Kimataifa ya Booker, na hivyo watu wazima wakafuata njia iliyokwisha kufunguliwa na watoto. Mwaka 2020 walichagua Les Impatientes ya Djaïli Amadou Amal wa Kameruni. Kati ya vitabu vitatu hivyo, viwili twataka kuvitazama kwa karibu.

Les Impatientes kilitoka kwanza mjini Yaoundé mwaka 2017 kwa jina jingine lenye neno munyal, ambalo katika lugha ya Wafula ni subira. Kilituzwa Afrika kabla ya kutuzwa Ufaransa. Ni sauti za wanawake watatu wa kaskazini mwa Kameruni. Ramla, aliyetamani kuwa mfamasia, anaozwa tajiri wa makamo mwenye mke tayari. Hindou, dada yake, anapewa binamu mlevi anayempiga. Safira, mke wa kwanza wa yule tajiri, anapigania nafasi yake kwa hila. Kila mmoja wao, akilia, anaambiwa neno moja tu: subiri. Mwandishi mwenyewe aliozwa akiwa na miaka 17.

Familia hizo ni za Kiislamu, na msomaji wa parokia angeweza kusema kwamba hayo ni ya wengine. Tunamwomba asiseme haraka. Sisi nasi tuna methali yetu, subira huvuta heri, nayo ni methali njema. Lakini ni mara ngapi binti wa jumuiya zetu, aliyerudi kwa wazazi na uso uliovimba, amerudishwa kwa mumewe na maneno ya kwamba ndoa ni msalaba na avumilie? Katika mafundisho ya wachumba tunafundisha kwamba Kanisa halitambui ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa, kwa sababu pasipo ridhaa huru hapana ndoa. Riwaya hii haifundishi kanuni hiyo. Inatusikilizisha kilio cha mtu aliyenyimwa ridhaa hiyo, na baada ya kukisikia, kanuni haibaki tena kuwa maneno ya kukariri.

Uchungu wa jirani na uchungu wetu

Petit Pays ni kitabu kigumu zaidi kwetu, na hapa tunajua kwamba tunagusa kidonda.

Gabriel ana miaka 10. Baba yake ni Mfaransa, mama yake ni Mnyarwanda, na wanaishi Bujumbura katika kijia kimoja ambapo watoto huiba maembe na kupanga mambo yao. Bukavu yetu imo pia ndani ya kitabu, maana rafiki wa baba yake anaishi huko. Kisha unafika mwaka 1993, uchaguzi unafanyika, rais aliyechaguliwa anauawa mwezi wa Oktoba, na mwaka unaofuata ni mauaji ya kimbari ya Rwanda. Mama anakwenda kutafuta ndugu zake na kurudi akiwa mtu mwingine. Wale watoto wa kijia kimoja wanaanza kuulizana wao ni wa kabila gani. Jirani mmoja, mama mzee wa Kiyunani, anamwazima Gabriel vitabu kimoja baada ya kingine, na kwa muda vitabu hivyo vinakuwa kimbilio lake. Hata hivyo havimwokoi kabisa: kundi la wenzake linamsukuma hadi ashiriki katika tendo la kuua.

Tumewasikia vijana wakisema: kwa nini tusome machozi ya majirani, hali yetu hakuna anayeyasoma? Mwaka 2024 mwandishi huyo huyo alipewa Tuzo ya Renaudot kwa riwaya ya Jacaranda, inayohusu tena Rwanda, na swali hilo likawa kali zaidi. Hatutalidharau. Miongoni mwenu wamo waliozaliwa kambini, waliozika wazazi wao bila jeneza, waliokimbia Kivu na kupokewa katika parokia za mbali. Kwa miaka 30 damu imemwagika mashariki mwa nchi yetu na dunia imezoea. Kijana anayeuliza kwa nini wafu wake hawana kitabu anauliza swali la haki, na mtu asimwambie kwamba ana wivu.

Lakini tumjibu kwa ukweli wote. Jibu la kwanza: wafu wake wana vitabu. In Koli Jean Bofane, mwana wa Kongo, alitoa mwaka 2014 riwaya ya Congo Inc., juu ya kijana wa msituni anayekwenda Kinshasa akitaka kutajirika kwa utandawazi. Huko anakutana na watoto wa mitaani na pia na mbabe wa vita wa zamani aliyetoka mashariki, na nyuma ya mambo yote yamo madini yetu. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Mabara Matano ya Nchi Zinazozungumza Kifaransa mwaka 2015. Kwa hiyo si kweli kwamba hakuna aliyetulilia. Kilio kimeandikwa, kimetuzwa, na kinangoja wasomaji wa nyumbani.

Jibu la pili ndilo zito. Kusoma uchungu wa jirani hakupunguzi wetu hata kwa kipimo kidogo, wala hakumpi mtu yeyote ruhusa ya kutuonea. Mateso si shamba ambalo ukimkubalia mwenzako sehemu yake, yako inapungua. Tena Petit Pays haimwombi msomaji achague upande. Inaonyesha jinsi chuki inavyoingia kwa mtoto: kwanza ni mzaha juu ya pua, kisha jina la kejeli, kisha orodha ya nani aketi na nani, kisha jiwe. Enyi vijana, je, mambo hayo hayamo katika simu zenu? Je, hakuna mwenzenu wa kwaya ambaye watu wameanza kumtazama kwa sababu ya umbo la uso wake au lugha ya mama yake? Mtu mwenye kutetea nchi yake ana haki. Mtu anayemgeuza jirani wa parokia kuwa adui kwa ajili ya pua yake ameanza kuifuata njia ya wale watoto wa kijia cha Bujumbura, nasi tunajua ilikoishia. Hilo ndilo linalotufanya tuseme kwamba kitabu hiki kisomwe katika vikundi vyetu, na kisomwe sasa.

Na mambo ya aibu je?

Wazazi na viongozi wengine hutuambia kwamba riwaya hizi za tuzo zimejaa ulevi na uasherati, na kwamba zisiwekwe katika maktaba ya parokia. Hofu yao ina msingi. Tram 83 ni baa tangu ukurasa wa mwanzo hadi wa mwisho, na hatungempa mtoto wa miaka 13. Kila chakula kina umri wake. Tena kutuzwa hakugeuzi kila ukurasa kuwa safi.

Lakini tutofautishe kuonyesha dhambi na kuisifu. Biblia inatusimulia uzinzi wa Daudi na mauaji ya Uria bila kificho, na hakuna aliyesema ifungwe. Mtakatifu Basili Mkuu, katika karne ya 4, aliwaandikia vijana namna ya kusoma vitabu vya wapagani wa Uyunani. Aliwapa mfano wa nyuki, ambaye hatui juu ya kila ua, wala hachukui kila kitu katika ua analotua. Na tarehe 17 Julai 2024 marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliandika barua juu ya nafasi ya fasihi katika malezi. Alieleza kwamba kwanza alikuwa akiwafikiria mapadri watarajiwa, kisha akaona kwamba jambo hilo linawahusu Wakristo wote. Alikumbuka pia kwamba katika miaka ya 1964 na 1965, akiwa mwalimu wa fasihi huko Santa Fe nchini Argentina, wanafunzi wake walichoshwa na kitabu cha kale kilichoamriwa na mtaala, wakataka waandishi wa wakati wao. Akawaacha wasome kile cha mtaala nyumbani, na darasani akazungumza nao juu ya waandishi waliowapenda. Walianza na walichokipenda, na kidogo kidogo wakaja kuvutwa na vingine.

Sisi tuliosomea ualimu tunajua hekima ya njia hiyo. Kijana asiyepewa kitabu kigumu pamoja na mtu wa kuzungumza naye hatabaki bila kuona mambo ya aibu. Atayaona katika simu, peke yake, usiku, bila neno la mtu mzima. Tukichagua kati ya hayo mawili, twachagua kitabu na mazungumzo.

Kiswahili nacho

Mtu atauliza: na lugha yetu? Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya fasihi ilimwendea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye Kiswahili ni lugha yake ya utotoni ingawa anaandika kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, inasimulia mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake na safari ya msafara wa wafanyabiashara kutoka pwani kwenda bara, njia zile zile zilizokileta Kiswahili hadi kwetu. Ilitokea kwa Kiswahili mwaka 2022 tu, kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa Dar es Salaam. Miaka 28 ilipita kabla kitabu hicho hakijarudi katika lugha ya watu wake, na pengine kisingerudi hata sasa kama si tuzo. Hii ni faida ambayo hatuna budi kuikiri.

Kuna pia tuzo ya miswada ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Mshindi wake wa kwanza wa riwaya, mwaka 2015, alikuwa Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu. Twataja jambo hili kwa ajili ya yule kijana kati yenu anayeficha daftari chini ya godoro. Kiswahili cha Kongo kina watu wengi na vitabu vichache. Daftari hilo si mchezo.

Pendekezo letu

Kwa hayo yote, tunapendekeza kwamba kila kikundi cha vijana katika parokia kiwe na kura yake ya kitabu kila mwaka. Hatuhitaji mkahawa wa Paris wala hundi ya euro 10.

Kikundi kichague vitabu vitatu au vinne, angalau kimoja cha mwandishi wa Kongo na kimoja cha Kiswahili. Nakala moja ya kila kitabu inatosha, ikinunuliwa kwa mchango wa wengi na kupita mkono kwa mkono. Katika vikao kitabu kisomwe kwa sauti, na mwenye kujua Kifaransa vizuri awafasirie wenzake, asiwacheke. Kiongozi akisome kwanza, ili ajue kinawafaa wa umri gani. Ikifika siku ya kura, sheria iwe moja: asiyesoma asipige kura, na anayesema kitabu ni kizuri au kibaya afungue ukurasa na kuonyesha. Mabinti wasikilizwe kuhusu Les Impatientes kabla ya wavulana. Waliokimbia vita wasikilizwe kuhusu Petit Pays na Congo Inc. kabla ya wale ambao hawajakimbia. Kitabu kitakachoshinda kitangazwe baada ya Misa, na aliyekitetea aeleze sababu kwa maneno machache mbele ya wazazi.

Huenda mtachagua kitabu ambacho Paris haikukiona. Huenda mtakikataa kilichosifiwa dunia nzima, na kama mmekisoma mtakuwa na haki hiyo. Huenda pia kikundi kikagawanyika sita kwa wanne, kama wale wa mwaka 1919, na mkaenda nyumbani mkiendelea kubishana njiani. Ubishi wa namna hiyo hatuuogopi. Watu waliojifunza kupingana juu ya kitabu huku kila mmoja akiunukuu ukurasa wake na kumwacha mwenzake amalize kusema, wamekwisha kujifunza jambo ambalo nchi yetu inalihitaji kuliko tuzo zote.